Unene wa Kuta za Ukwasini

Ukwasini ni nchi ya uwanda mkavu isiyo na mto wala ziwa, ambako mvua hunyesha wiki sita tu kwa mwaka kisha mbingu ikajifunga kama iliyokasirishwa. Na kwa sababu hiyo wenyeji wake walichimba mahodhi makubwa ndani ya mwamba, kila mji na hodhi lake, ili kila kaya iweke maji wakati wa neema na kuyachukua wakati wa ukame. Wasimamizi wa mahodhi hayo waliitwa Wahodhi, watu wa kanzu za hariri na vitambi vilivyowatangulia njiani, na mkubwa wao alikuwa Mheshimiwa Shibeli, ambaye kila mwaka, mvua zikikatika, alifunua kifuniko cha shaba cha hodhi la mji mkuu na kuuonyesha umati maji yaliyojaa hadi mdomoni. Watu walipiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza kwa nini maji yaliyojaa namna ile yaliisha mapema zaidi kila mwaka.

Katika mwaka wake wa kumi na mbili Shibeli alitaka sifa zake ziandikwe. Akamwita Bi. Zamoyoni, mpimaji wa mashamba, mjane wa makamo asiyejua kubembeleza mtu, akamwagiza apime ufanisi wa mahodhi yote tangu yeye alipoyashika.

"Andika kwamba yamejaa," alimwambia. "Kila mwaka yamejaa."

"Mimi nitapima kilichoingia na kilichotoka, Mheshimiwa."

Shibeli akacheka. "Si kitu kilekile?"

Zamoyoni alizunguka miezi minne, akisoma alama ambazo mabawabu walikuwa wamezichora kwa mkaa kwenye kuta za vibanda vyao, alama moja kwa kila ndoo. Katika kijiji cha Mchangani, ambako mzee mmoja aliziba nyufa za hodhi kwa chokaa na mikono yake mwenyewe, kwa kila ndoo kumi zilizoingia zilitoka tisa, mwaka hadi mwaka. Akafika mji mkuu. Mwaka wa kwanza zilitoka nane. Mwaka wa tano, sita. Mwaka jana, tatu.

Akahesabu upya, akidhani amekosea. Akahesabu mara ya tatu, na safari hii akakumbuka kwamba mwaka jana, kwenye lango la hodhi hilohilo, mdogo wake Mashavu alirudishwa na ndoo tupu, akaambiwa maji yake yamekwisha, na kabla ya wiki kupita akamzika mwanawe mchanga.

Alikwenda moja kwa moja kwa Fundi Ngwali, mwashi wa hodhi.

"Hodhi linavuja wapi?"

"Halivuji, dada." Ngwali hakumtazama usoni. "Kila mwaka tunajenga safu moja ya marumaru kwa ndani. Tunaambiwa ni heshima ya hodhi."

"Unene wake?"

"Dhiraa nzima."

"Na maji yanayokosa nafasi?"

"Pana mfereji chini kidogo ya mdomo. Yakifika pale yanakwenda bustanini kwa Wahodhi. Wana maua mazuri sana."

Zamoyoni akakaa chini kwenye vumbi. Miaka yote hiyo watu walikuwa wakishangilia ukuta.

Siku ya kusoma vipimo iliangukia mwanzo wa mvua. Mawingu yalikuwa yameshuka, na watu walijipanga na ndoo zao kuzunguka mdomo wa hodhi lililokwisha maji, pale katikati ya uwanja ambako maji yote ya mji huteremkia. Zamoyoni alisoma mwaka mmoja baada ya mwingine, bila kupandisha sauti. Alipofika kwenye tatu, mwanamke mmoja alitoa ukelele kama aliyepigwa. Kisha akaeleza habari za marumaru na mfereji.

"Uongo!" Shibeli alisimama. "Hakuna safu hata moja! Nitashuka mwenyewe, nitembee humo ndani kama sebuleni kwangu."

Kwa miaka kumi na miwili alikuwa ametia saini tu amri za kujenga marumaru, hakuwahi kushuka ndani. Alijifunga kamba kiunoni, akakamata ngazi ya chuma akateremka kwa madaha, na umati ukasikia viatu vyake, kisha kanzu ikikwaruza jiwe, kisha kimya.

"Nivuteni," ilisema sauti kutoka chini.

Wahodhi wanne wakavuta kamba. Hakutoka. Kitambi kilikuwa kimenasa kati ya kuta, mikono imebanwa ubavuni. Ndipo mvua ikaanza, matone mazito, na maji ya uwanja yakaanza kuteremka kuelekea mdomoni.

Ngwali akashuka na nyundo, akasimama kwenye kidato cha ngazi juu ya Shibeli.

"Nivunje ukuta, Mheshimiwa?"

"Usiguse marumaru! Vuteni!"

Wakavuta tena. Maji yakamfika kiunoni, yakamfika kifuani.

"Vunja!" akapiga yowe.

Zamoyoni aliinama juu ya mdomo wa hodhi. "Safu ngapi, Mheshimiwa?"

"Zote! Zote kumi na mbili!"

Uwanja mzima ulisikia. Mashavu aliiweka ndoo yake chini, polepole. Ngwali aliinua nyundo, lakini kabla ya kupiga alitazama juu, akisubiri mtu yeyote amwambie apige. Na Zamoyoni, mvua ikimtiririka usoni, aligundua kwa mshtuko kwamba midomo yake haikuwa na haraka ya kulitamka neno hilo.