Ajuza Asiye na Meno

Mwaka ule wa hamsini na saba, kila Jumanne baada ya sala ya alasiri, ukipita mtaani kwa Bi Mwanamkisi hapo Amu, yaani Lamu, hukuti mwanamke nyumbani kwake. Wote walikuwa kwa Swafiya, wameizunguka redio ya betri ambayo mumewe alimletea kutoka Mombasa. Hata waliokuwa hawasemezani walikaa goti kwa goti juu ya mkeka mmoja. Walikuwa wakisikiliza kisa cha bi arusi na kisima, na msomaji wake alikuwa Kamaludin, mtoto wa ndugu yake marehemu Muhdhar.

Muhdhar alikuwa mume wa Bi Mwanamkisi, na kisa kile kilikuwa chake. Alikitunga mwenyewe, sindano mkononi, maana kazi yake ilikuwa kushona makubadhi. Alikuwa akikaa kwenye daka, ukumbi wa mlangoni pa nyumba, pamoja na wateja wake, ngozi juu ya paja, akisimulia huku akishona, na wanawake wa jirani walikuja kukaa ndani nyuma ya pazia, wakamsikia bila ya kumwona.

Kisa chenyewe hiki. Bi arusi aletwa kwenye jumba kubwa, mumewe asafiri siku ya tatu, amwacha na ajuza mmoja. Uani mna kisima chenye kifuniko cha mbao. Kila alasiri bi arusi asikia kitu kisimani. Amuuliza ajuza, nani huyo? Ajuza amjibu, "Ni mke mwenzio. Ateka."

Na siri yote imo katika neno hilo moja. Kwa Kiamu, kucheka ni kuteka, na kuteka maji nako ni kuteka. Mtu wa hapa hachanganyi: la kucheka, ulimi huegemea meno, la maji, ulimi hupanda juu kidogo, na hata mtoto mdogo hulijua hili na lile. Lakini ajuza yule hana jino hata moja. Ulimi wake hauna pa kuegemea. Akisema "ateka", Mungu ndiye ajuaye amesema lipi.

Basi bi arusi adhani yuko mke mwenziwe anayechota maji, na badala ya kuogopa, apandwa na wivu. Ajifukiza udi ili moshi umfikie mwenziwe. Amrushia maneno ukutani. Ampelekea sahani ya wali kisimani kumwonyesha kwamba yeye ndiye ajuaye kupika, na asubuhi akuta paka wameimaliza, asema, "Huyu mwanamke ala kama kuli wa bandarini." Siku sita ateta na mtu asiyemwona. Siku ya saba ainua kifuniko. Muhdhar hakusema bi arusi aliona nini. Alisema tu kwamba mume alirudi, akapiga hodi, akauliza, "Mke wangu yuko wapi?" na ajuza akamjibu, "Ateka." Hapo Muhdhar alikata uzi, na kisa kikawa kimekwisha. Watu waligombana siku nyingi juu ya mwisho ule. Waume wengine walinuna, wakisema fundi huyu awafundisha wake zao kuwashuku.

Kamaludin hakuwa mtu mbaya. Alimwandikia Bi Mwanamkisi barua ya heshima, akamweleza kwamba amekitengeneza upya kisa cha ami yake ili kifae kwa watu wa nchi nzima, na wa bara nao wafahamu. Kwa hiyo ajuza wa redio alisema, "Ni mke mwenzako, anacheka," na papo hapo likaja cheko la mwanamke, kama kwamba amefunikwa kwa debe. Palikuwa na ngoma pia. Na mwishoni, wiki ya nne, waliletwa askari, wakamfunga mume pingu kwa kuwaua wake zake.

Umi, aliyekuwa mtu wa kusema lililo moyoni, alisema yeye hiki champendeza zaidi, kwa kuwa mwovu amepata haki yake, na kisa kisicho na mwisho humkosesha usingizi. Swafiya akasema cha marehemu kilikuwa kizuri kwa zama zake, lakini ngoma hakikuwa nazo. Mwingine akauliza kwani cha marehemu kilikuwaje, maana yeye aliolewa mtaani juzi. Hakuna aliyemjibu vizuri. Mmoja alisema kilikuwa cha kutisha mno, hata mtu alipoteza mimba.

Bi Mwanamkisi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango na tasbihi yake, alisema neno moja tu siku ile.

"Ajuza wenu huyo ana meno thelathini na mawili."

Wakacheka, wakidhani ni mzaha. Akaaga, akaenda zake.

Jambo lililomsumbua hakuwaambia. Tangu Muhdhar afariki, miaka mitano sasa, kila akimaliza sala ya adhuhuri alikuwa akijinyoosha kitandani na kukisikia kisa kile kichwani mwake kwa sauti ya mumewe. Picha yake hakuwa nayo, wala mtoto wa kufanana naye hawakujaliwa. Sauti ile ndiyo aliyobaki nayo. Na baada ya wiki nne za redio, alijinyoosha siku moja, akamngoja Muhdhar aseme "Ni mke mwenzio", akaja Kamaludin na debe lake. Alijaribu siku ya pili. Alijaribu siku ya tatu, akaanza kwa Bismillahi. Yakaja yale yale. Kwenda kwa Swafiya aliacha, lakini haikusaidia. Watoto wakawa wanacheka cheko lile vichochoroni. Aliketi kitandani akajiona kama mtu aliyefiwa mara ya pili, na mara hii hakuna wa kuja kumpa pole.

Aliwahesabu waliokisikia kisa kwa kinywa cha Muhdhar, vizuri, mara nyingi, wakakishika. Wengi walikuwa wamekwisha tangulia mbele ya haki. Wengine kama Umi, redio ilikuwa imewafutia. Akabaki mmoja, naye ni Hindu.

Hindu ndiye aliyepoteza mimba. Alikuwa mke wa jirani, msichana wa kisiwa cha Ndau aliyeolewa Amu. Alasiri moja alitoka nyuma ya pazia lile, akaenda kwake, akaanguka ngazini. Mtoto wa kwanza, miezi saba. Mtaa ukasema ni hofu ya kile kisa. Wazee wakamwita Muhdhar msikitini, hawakumpa adhabu, walimwomba tu aache. Naye akaweka nadhiri kwamba hatasimulia tena, si kile wala kingine. Miaka kumi na moja alishona kimya mpaka kufa kwake. Hata mkewe, wakiwa wawili tu, alipomwomba japo kipande, alitikisa kichwa. Hindu aliachwa na mumewe, akarudi Ndau. Bi Mwanamkisi hakumuaga wala hakumwandikia. Hakujua amwambie nini.

Sasa alifunga virago. Alilala Faza kwa jamaa zake, na asubuhi akapanda mashua ya Madi iliyokuwa ikipeleka unga Ndau na kurudi maji yakijaa. Madi alimuuliza ana nani kule. Alimjibu ana mtu wa zamani. Njia nzima alikuwa akifikiri kwamba mwanamke yule ana haki ya kumfungia mlango, na kwamba akifungiwa, basi.

Hindu alikuwa barazani akisuka ukili. Alikuwa amenenepa, nywele za mbele zimepata mvi. Alimtazama mgeni akipanda kutoka ufukweni, asisimame, mpaka mgeni alipoinua ushungi usoni. Ukili ukasimama vidoleni.

Walisalimiana kwa kirefu, habari za nyumbani, za safari, za joto, kwa kuwa hakuna aliyetaka zimalizike. Hindu akatandika mkeka, akaleta maji na tende. Kisha akakaa, akasema:

"Umekuja kunilaumu, Bi Mwanamkisi?"

"Mimi nikulaumu wewe? Kwa lipi? Sisi ndio tuliokukosea. Nimekuja kuomba."

Akamweleza yote, redio na Kamaludin na debe. Akamweleza sauti ilivyomtoka. Akasema ajua ombi lake ni zito, kumtaka mtu akirudie kisa kilichomharibia maisha, na kama hawezi, hata kinyongo hatakuwa nacho. Atakunywa maji yake na kumngoja Madi.

 Hindu aliuchukua ukili aliousuka, akawa anaufumua mkunjo kwa mkunjo.

"Siku ile mimi sikuogopa," alisema. "Nilikuwa nikiteka."

Alilisema kwa ulimi juu ya meno, wazi, lisiwe na shaka.

Bi Mwanamkisi hakufahamu kwanza. Hindu akaendelea, macho kwenye mkeka. Alikuwa akishuka ngazi akiwaza ile sahani ya wali, na paka, na kuli wa bandarini. Alikuwa amekunja midomo ndani, akijisemea kama ajuza, peke yake, na cheko likamjia toka tumboni mpaka akafumba macho. Mguu ukakosa kidato. Alipozinduka, mama mkwe alikuwa amekwisha kuwaambia watu kwamba ni hofu, na mumewe kwamba ni kisa.

"Ningesema nini? Kwamba mjukuu wao nimempoteza kwa kicheko? Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Bi. Nikaona afadhali iwe hofu. Nikadhani ni maneno ya wiki moja."

Bi Mwanamkisi aliweka kikombe chini. Tasbihi ilikuwa mkononi, lakini vidole havikwenda.

"Muhdhar alikuwa akimsomea Yasini kila usiku wa kuamkia Ijumaa," alisema. "Mtoto asiye na jina. Alikuwa akisema, Mola msamehe Muhdhar, ameua. Amekufa akiamini hivyo."

"Najua nilivyofanya."

"Hujui. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsikia."

Hindu akajifunika uso kwa ncha ya leso. Hakulia kwa sauti. Akasema, akiwa vile vile, kwamba mara tatu alifunga safari ya Amu kwenda kumwambia Muhdhar, na mara tatu akaishia Faza. Mara ya tatu ndipo alipopata habari ya msiba. Akaomba msamaha.

Hasira ilimpanda Bi Mwanamkisi mpaka masikio yakawaka. Miaka kumi na moja ya uzi kupita kwenye ngozi bila neno. Aliangalia bahari, akavuta istighfari, kumwomba Mola msamaha, mara kadhaa, akingoja moyo ushuke. Haukushuka wote. Lakini alikuwa amefundishwa kwamba mtu husamehe kabla moyo haujakubali, kisha huuachia Mola umalizie.

"Langu nimekusamehe, kwa ajili yake Mola," alisema mwisho. "La Muhdhar si langu. Sina ruhusa ya kulitoa." Kisha akasema, "Sasa nisimulie."

Hindu alipangusa uso, akaanza. Alianza vibaya, kwa aibu, kisha akashika njia. Alipofika kwenye sahani ya wali Bi Mwanamkisi alijikuta ameshika mdomo. Alikuwa amesahau. Hili ndilo lililokuwa limemtoka, kabla hata ya redio: kwamba walikuwa wakicheka. Watu wote walikumbuka hofu, kwa kuwa hofu ndiyo iliyoleta maneno, na yeye naye aliikumbuka hofu pamoja nao. Lakini nyuma ya pazia lile wanawake walikuwa wakiangukiana kwa kicheko siku zote sita za bi arusi, na ndiyo maana siku ya saba, kifuniko kilipoinuliwa, kimya kilikuwa kizito namna ile. Kamaludin alitisha tangu neno la kwanza. Mtu aliyekwisha kutishwa utamtisha na nini tena?

Hindu alikunja midomo, akasema, "Ni mke mwenzio," akakohoa kidogo, akasema, "Ateka."

"Muhdhar hakukohoa," alisema Bi Mwanamkisi.

"Alikohoa, Bi. Kila mara."

"Alinyamaza akavuta uzi. Nausikia mpaka sasa, ule uzi kwenye ngozi."

"Uzi alivuta baadaye. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, sikuwa na kazi nyingine ila kusikiliza."

"Nami nilikuwa mkewe."

Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na hakika yake, na wote wawili walijua kwamba hakuna wa tatu wa kuulizwa, Amu wala Faza wala pengine popote. Huko ufukweni maji yalikuwa yamekwisha kuinua mashua, na Madi alikuwa akiita abiria.

"Basi kiseme wewe," alisema Hindu, bila ya kejeli. "Hapo tu, penye ajuza."

Bi Mwanamkisi alikunja midomo ndani. Alisema ni mke mwenzio. Alinyamaza kadiri ya uzi mmoja kupita, akalisema lile neno. Alikuwa ametumaini kwamba likitoka litatoka na sauti yake Muhdhar, lakini iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, ya mwanamke mtu mzima aliyekauka koo kwa upepo wa bahari. Haikufanana na ya Muhdhar, wala haikufanana na ya redio.

Madi aliita tena, safari hii kwa jina lake. Hindu hakugeuka kumtazama. Alisogeza mkeka karibu.

"Endelea, Bi," alisema. "Mume apiga hodi."