Mita Iliyofungiwa Kabatini

Msoma mita alikaa kiti cha nyuma ukumbini, kofia ya kazi mapajani, akijiona mtu na heshima zake. Mbele, dada yake diwani alikuwa amesimama, na akisimama yule mama huwa haketi upesi. Hoja ilikuwa moja: idara ya maji ibaki mikononi mwa manispaa, au ipewe kampuni binafsi. Waliotaka kampuni walidai nusu ya maji hupotea na idara haijui yanakokwenda.

Dada akawajibu kwamba yanajulikana vizuri sana. Yanafujwa na mtaa wa nyuma ya soko, na nyumba ya kwanza mtaani hapo, ya fundi cherehani mmoja mjane, inatumia maji kuliko hoteli. Diwani alikwisha kumsema mjane huyo katika mikutano miwili.

"Hizi namba hazikuokotwa," alisema, ameinua daftari. "Zimesomwa na mdogo wangu, tumbo moja, kwa miguu yake na macho yake."

Watu wakageuka kumtazama. Msoma mita akaanza kuichunguza kofia yake.

Ukweli aliujua peke yake. Mwaka wa tatu huo hajakanyaga mtaa ule. Kila mwezi aliketi kwenye ngazi za posta, akachukua namba za mwezi uliopita, akaongeza. Na aliongeza bila uchoyo, maana ukiandika kidogo ofisi hutuma mkaguzi, na mkaguzi ndiye asiyemtaka.

Hapo fundi cherehani akainuka na kifurushi cha kitambaa, akakifungua juu ya meza ya mwenyekiti. Ilikuwa mita ya maji, kioo kimepasuka. Akaeleza taratibu kwamba mafundi wa idara wenyewe waliing'oa mwaka jana kwa kuwa imekwama, wakamwambia aitunze mpaka waje na nyingine. Hawakurudi. Naye ameitunza kabatini, katikati ya mashuka.

"Mimi nauliza tu," alisema. "Huyu baba anayeisoma kila mwezi, chumbani kwangu huwa anaingilia wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti aligonga meza wee mpaka mkono ukamchoka. Dada akasema mdogo wake ataeleza, na alisema kwa imani kabisa, ndiyo maana msoma mita alitamani ardhi ipasuke immeze. Akasimama.

"Nilikisia."

"Nyumba hii tu?" dada aliuliza.

"Mtaa mzima."

"Kwa nini?"

Uongo ulimjia mwingi, wa homa, wa matope, wa vifuniko vya mita vilivyokwama. Akauacha wote.

"Pale kwa mama kuna mbwa. Alinikimbiza."

"Yule mbwa alikufa," fundi cherehani alisema, karibu kwa huruma. "Huu mwaka wa pili."

Sasa watu walivunjika mbavu. Jibaba zima lenye watoto watatu na ndevu, linamkimbia marehemu! Hata mwenyekiti alijifuta macho. Dada peke yake hakucheka. Alifunga daftari, akamwendea fundi cherehani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nisamehe, mama. Nilikuvunjia heshima mbele za watu, na kosa ni la kwetu."

La kwetu. Msoma mita alilisikia neno hilo, uso ukamwaka moto. Dada yake hakuwahi kumwomba mtu radhi hadharani, na leo ameanza kwa ajili yake.

Kura zikapigwa, kampuni ikashinda bila jasho. Maji yanapotelea wapi hasa, hakuna aliyejua, na siku ile hakuna aliyeuliza tena.

Alimngoja dada getini, amejiandaa kwa matusi, na angeyapokea yote kwa shukrani. Dada akatoka, akasimama mbele yake. Walipokuwa wadogo palikuwa na nyumba yenye mbwa njiani kwenda shule, na kila asubuhi dada alimweka upande wa mbali na mbwa, akamshika mkono, naye mdogo akapita amefumba macho.

"Si ungeniambia tu?" dada alisema. "Ningekuja nikakupitisha."

Akatangulia kuelekea nyumbani. Msoma mita akamfuata kwa nyuma, mbali kidogo, kofia mkononi.