Mnyororo wa Kisima Chetu

Nilipovuka ziwa kwenda kwa watu wa bibi yangu nilibeba kanga, sabuni na mchele wa kwetu. Mafuta ya mawese niliambiwa niyaache, kwa kuwa wenyewe wanayo ya kumwaga. Nilibeba na hadithi ya babu yangu. Hiyo hakuna aliyeniambia niiache.

Ilikuwa mwaka 1963. Bunduki za Katanga zilikuwa zimenyamaza, na meli zimeanza tena kutoka Kigoma kwenda Albertville, mji ambao wenyeji waliuita Kalemie kwa jina la mto wake. Mimi ni mtu wa Ujiji, na mama yangu alizaliwa Ujiji. Lakini mama yake mama, Bibi Kabwe, alitoka ng'ambo. Alikuwa Mholoholo wa pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Na kwa Waholoholo mtoto ni wa ukoo wa mama, baba haulizwi sana. Kwa hesabu yao mimi sikuwa mgeni, nilikuwa mtoto aliyechelewa kurudi.

Nilikwenda kutafuta pemba. Ni udongo mweupe tu, unaokotwa mtoni. Mtu wa ukoo akirudi kutoka mbali, mjomba mkubwa anampaka kwenye paji la uso na mikononi, na tangu hapo ana mlango wa kuingia bila kubisha. Wewe uliye na kwenu huwezi kujua nilivyoitaka. Sisi pale Ujiji, tangu utoto wangu, ukigombana na jirani kisimani neno lake la mwisho ni hilo hilo: rudini kwenu ng'ambo. Na mimi huko ng'ambo nilikuwa sikujui.

Aliyenipokea bandarini ni Pélagie, mjukuu wa mdogo wake Bibi Kabwe. Mwanamke mnene, mcheshi, anauza dagaa ambao wao wanawaita ndakala. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, kabla sijaweka mzigo chini.

"Yaya, mbona umekuja na mchele? Unafikiri tunakula mawe huku?"

"Nimekuja na mkono usio mtupu, mdogo wangu."

"Hiyo njo Kiswahili cha barua," akawaambia wenzake, na njo kwao ni ndiyo yetu; wakacheka wote.

Tukakubaliana kwamba Jumapili atanipeleka kwa Mjomba Déogratias. Siku za kungoja nilikaa uani kwake, nikipasua kuni na kusimulia. Wanawake wa jirani walikuja kunisikiliza. Niliwasimulia jinsi babu yangu Songoro alivyofika kwao zamani na bendera na watu wengi, wenyeji wakafanya karamu wakampa Kabwe awe mkewe, kwa urafiki. Ndivyo ilivyosimuliwa kwetu kwenye kila harusi. Walinisikiliza kwa adabu. Wengine walitazama chini, nami nikadhani wanaona haya kusikia habari za ndoa.

Kuna jambo moja ningelishika, ningejua. Mjukuu wa Pélagie, Hélène, bado mdogo, alinyakua dagaa kwenye sahani yangu. Nikamshika kidevu nikamwambia kama ninavyowaambia wajukuu wangu: "Kuwa mngwana, mama." Kwetu ndiyo kusema uwe mtoto wa heshima. Mtoto akaacha kutafuna, akamtazama bibi yake, kisha akaangua kilio na kukimbilia ndani.

"Anaogopa miwani yako," Pélagie akasema. Lakini mara hiyo hakucheka mtu.

Siku iliyotangulia Jumapili Pélagie akasema atanipeleka mize. Mize ni nyumba ya kuwekea vitu vya kale. Ile ilikuwa ya mawe, juu kilimani, na ndani yake vitu vya vita tu, vita vya wakati wa bibi zetu, watu walipokuwa wakikamatwa huku na kuvushwa ziwa kwenda kuuzwa. Alitaka nione kabla sijamkabili Mjomba. "Wote wa ukoo tunapita pale," alisema. "Bazee wanapenda."

Mlinzi wa mize, Papa Adalbert, alikuwa amekaa mlangoni na ufunguo shingoni kama medali.

"Kuingia bure, kugusa hapana," akasema.

"Nani ataiba mukuki siku hizi?" Pélagie akamjibu. "Wezi wanataka radio."

"Njo maana wanataka kuniondoa kazini. Ingieni, bamama."

Ndani kulikuwa na baridi na harufu ya popo. Kulikuwa na magobori yaliyolala mezani kama wagonjwa, pembe za baruti, ngoma iliyopasuka, bendera nyekundu iliyoliwa na mende. Kulikuwa na gongo lenye panda, na Papa Adalbert alieleza kwamba panda ile ilikaa shingoni mwa mtu, kwa hiyo aliyeivaa hakuweza kulala ubavu. Nilisikitika. Nilisema "maskini" kama anavyosema mtu anaposikia msiba wa mtaa wa pili.

Ukutani, kwenye misumari mikubwa, ulining'inia mnyororo mrefu. Kila baada ya pingili kadhaa kulikuwa na pete pana inayofunguka, yenye kipini cha kuifunga. Nilipouona nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa furaha, kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini.

"Pélagie, huu tunao kwetu."

"Munao nini?"

"Huu mnyororo. Hivi hivi, na pete zake. Uko kisimani uani kwetu, tunautekea maji. Pete ya mwisho ndiyo tunayofungia ndoo."

Papa Adalbert akasogea. "Kwenu mulipata wapi, Mama?"

"Ni wa babu yangu Songoro, alivuka nao kutoka huku huku." Nikanyoosha shingo na kusema kama tunavyosema kwenye harusi zetu: "Sisi ni wajukuu wa wangwana."

Papa Adalbert alimtazama Pélagie, si mimi.

"Mama Pélagie, mugeni wako anajua anachosema?"

"Hajui," Pélagie akasema.

Kisha akanishika mkono, na sauti yake ikawa ya chini sana. "Yaya, huku mungwana si muntu wa adabu. Bangwana njo bale." Akaelekeza midomo yake ukutani. "Bale waliokuwa wanashika mwisho wa munyororo. Sisi, mutoto akikataa kulala, tunamuambia: nyamaza, bangwana wanapita."

Nikamkumbuka Hélène na kidevu chake mkononi mwangu.

Sikulia. Nikaanza kuona vitu vya nyumbani kwetu kimoja kimoja. Bibi Kabwe alikuwa na kisima hatua chache kutoka mlangoni pake, lakini siku zote alibeba mtungi akaenda kuteka ziwani, mbali, hata alipokuwa hawezi kunyooka mgongo. Tulisema ni mkaidi. Babu alisema mkewe anapenda kutazama kwao, na wageni walicheka, nasi watoto tukacheka. Tena tulikuwa na mchezo wetu pale kisimani, wasichana, mchezo wa bibi harusi. Tuligombania nani avae ile pete ya mwisho shingoni, kwa sababu iling'aa kuliko nyingine. Mimi nilikuwa mkubwa, niliivaa mara nyingi. Bibi alipita na mtungi wake akaniona. Hakunikaripia. Aliweka mtungi chini, akaufungua ule mkufu wangu wa harusi, akaenda zake ziwani. Nilikwenda kumshtaki kwa mama kwamba ameniharibia mchezo.

Tulipotoka tukakaa kwenye ngazi za mize. Chini yetu treni ilikuwa ikipiga kelele stesheni.

"Mlijua?" nikamuuliza. "Siku zote nilizokuwa nikisimulia karamu?"

"Tulijua Kabwe hakuolewa kwa karamu. Tulifikiri babu yako njo alimununua, akamuoa. Kwamba ni yeye alimushika, hiyo hapana." Akafuta jasho kwa ncha ya kitenge. "Sikiliza, yaya. Kesho Mjomba hatauliza babu. Sisi tunauliza mama tu. Utasema mimi wa Kabwe, atakupaka pemba, tutakula samaki."

"Na wewe utasema nini?"

"Mimi? Niliingia mize, niliona bunduki."

Alikuwa ananipa mlango, na mlango ule ulikuwa wa haki kabisa kwa desturi yao. Nilimshukuru. Nasema kweli, niliposhuka kilima kile nilikuwa nimekwisha kuamua kuingia kwa mlango huo.

Jumapili watu wa ukoo walijaa kwa Mjomba Déogratias baada ya misa. Alikuwa dereva wa treni aliyestaafu, mwembamba, bado anavaa kofia ya kazi. Mama yake ndiye mdogo wake Bibi Kabwe, tumbo moja.

"Mutoto wa dada yangu," akasema, "mimi nimeona treni zikichelewa, lakini hii yako ilitoka wakati wa bibi yako. Ilikwama wapi?"

Wote wakacheka. Nikapiga magoti kwenye mkeka. Akaletewa bakuli la pemba, akachovya kidole.

"Wewe njo nani?"

"Mimi ni Mangaza, mtoto wa Faida. Faida mtoto wa Kabwe."

"Kabwe wa nani?"

"Kabwe wa hapa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kile kidole cheupe kikaja kuelekea uso wangu, nami nikatazama mkono ule uliozeeka, nikaona hauna saa, hauna bangili wala pete. Nikatazama na mikono ya wanawake waliokaa karibu. Hakuna aliyevaa chuma. Hata Pélagie, mfanyabiashara, bangili zake zilikuwa za ushanga.

"Mjomba, ngoja," nikasema. "Huo udongo usinipake kabla sijamaliza."

Nikamwambia yote, ya Songoro na mnyororo na kisima, na lile neno nililosema mize. Hata mchezo wetu wa harusi. Kidole chake kilibaki juu muda wote ule, mpaka pemba ikakauka na kuanza kupasuka.

Alipoanza kusema hakunitazama.

"Mama yangu alikuwa naye. Walikwenda kukata matete, Kabwe na yeye, bado mutoto. Waliposikia watu, Kabwe alimusukuma ndani ya matete, halafu akatoka mwenyewe, akatembea kuwaendea, ili wasitafute. Mama aliona kila kitu. Walimufunga pete ya mwisho. Kwa hiyo nyumbani mwetu muntu havai chuma. Huo munyororo uko wapi sasa?"

"Kisimani kwetu, Mjomba."

"Mupaka leo?"

"Mpaka leo. Nilipoondoka mkwe wangu alikuwa anachota maji."

Mjomba akairudisha pemba bakulini, akikisugua kidole chake ukingoni taratibu, kama mtu asiyetaka kupoteza hata chembe.

"Sikufukuzi," akasema. "Wewe ni mutoto wetu, hiyo imekwisha. Lakini pemba ni ya muntu aliyefika. Kabwe hajafika, bado anawatekea maji. Kwanza ulete huo munyororo. Tutautupa Lukuga, tumulilie, maana hatujamulilia. Nyuma yake nitakupaka."

Kisha akaamuru chakula. Walinipa kichwa cha samaki, sehemu ya mgeni wa heshima, na Pélagie akanisukumia ugali wake. Ningeweza kuvumilia kama wangenitukana. Nilikula mpaka mwisho, kwa kuwa kuacha kungekuwa tusi jingine, na kila tonge lilishuka kama jiwe.

Niliporudi Ujiji niliufungua mnyororo siku ile ile. Mwanangu alikasirika. "Mama, kitu cha babu, chuma kizuri namna hii. Tutatekea nini?"

"Kamba."

"Kamba inaoza."

"Ikioza tutanunua nyingine."

Nikauosha, nikautia kwenye gunia. Ile pete ya mwisho upande wa ndani ni laini kama shavu. Mwaka uliofuata nikajitwika gunia mpaka bandarini Kigoma, nikaambiwa Albertville kumepigwa vita tena, meli haziendi. Nikarudi nalo. Nimekwenda tena na kurudi nalo tena. Sijapata habari za Pélagie wala za Mjomba, na Mjomba si kijana.

Sasa ni mwaka 1965 na gunia liko nyuma ya mlango wangu. Juzi jirani yangu alikuja kuazima mnyororo afungie fahali wake.

"Si wetu," nikamwambia.

"Toka lini? Si wewe uliyekuwa ukituimbia kila siku babu, babu?"

"Ni wa watu wa ng'ambo. Ninawangojea."

Akanitazama, akaona sitanii. Ni mwanamke mwema yule, hakutaka tuachane na kinyongo, basi akanipigapiga bega. "Haya, Bi Mangaza. Wewe mngwana, hutumii cha mtu."

Kisima kiko pale pale uani, na kamba mpya iko juu yake. Nikachukua mtungi, nikaenda kuteka ziwani.