Wadudu wa Meneja

Shangazi alipohamia kwa msusi, mtoto wa kaka yake, alikuja na mabegi mawili, meza yake ya kutengenezea saa, na kobe. Mabegi na meza vilitarajiwa. Kobe hakuna aliyemtaja kwenye simu.

"Huyu anaitwa Meneja," Shangazi alisema, akimshusha sakafuni taratibu kama mtu anayetua sufuria ya moto. "Anakagua kila kitu na hafanyi kazi yoyote."

Msusi alicheka mpaka akajikuta amekubali. Walimtengenezea Meneja makao katika chumba kidogo nyuma ya saluni. Walichukua kabati la zamani, wakalilaza chali, wakang'oa milango, wakajaza udongo uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi na majani makavu. Upande mmoja walining'iniza taa ya kumpa joto, upande wa pili wakaweka bakuli la maji. Kabati lilisukumwa hadi ukutani, ukuta uleule ambao upande wa pili ulikuwa na sinki la kuoshea nywele.

Wakaishi hivyo miezi kadhaa. Kisha asubuhi moja, Shangazi akiwa amekwenda kupima presha, msusi aliingia kumpa kobe majani. Aliinua kipande cha gome la mti ambacho Meneja hupenda kulala chini yake, akaona udongo unatembea.

Vilikuwa vidoa vyeupe, vidogo kuliko chembe za chumvi, tele kupita kiasi. Vingine vilitambaa. Vingine, ukivigusa tu, viliruka.

Mtu anayekula kwa vichwa vya watu hana anachokiogopa kuliko mdudu mdogo. Neno "chawa" likimtoka mteja mmoja tu, hata kama amekosea, wiki hiyohiyo viti vyote vitatu vya saluni vitabaki vinatazamana.

Akakimbilia jikoni, akarudi na kopo la dawa ya mende. Alilitikisa. Meneja, ambaye kwake mtu akiinama maana yake ni chakula, akaanza kuja, shingo ameinyoosha. Msusi akafumba macho na kupuliza kwenye kona.

Alipoyafumbua, kobe alikuwa amejivuta ndani ya gamba lake kwa mlio kama wa tairi linalotoa upepo. Hapo ndipo akili ikamrudia. Asijue dawa inaondolewaje, akafunga mlango, akaenda kumsuka mteja aliyekuwa akimsubiri. Vidole vilisuka, roho haikuwepo.

Angeweza kunyamaza. Aliliwaza hilo, na wala hakujidanganya kwamba hakuliwaza. Lakini Shangazi alipoingia, hata kabla ya kuvua viatu, msusi alimfuata mlangoni na kumwambia yote. Alingoja kilio au ukali.

"Umepuliza kona ipi?" Shangazi akauliza.

"Ile ya dirishani."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

Shangazi alikuwa na miaka sabini na mbili na magoti ya kulalamika, lakini siku hiyo hayakusikika. Alifungua dirisha, akamtoa Meneja, akamwogesha kwa maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akimmwagia mgongoni kwa kiganja. Akachota udongo wote wa kona ile, pamoja na mwingine kuizunguka, akaufunga kwenye mfuko na kuutoa nje. Kisha akapiga simu kwa daktari wa mifugo, akaeleza mambo kwa mpangilio bila kutia chumvi, akasikiliza, akashukuru. Alipomwona Meneja anatoa kichwa na kuanza kukagua beseni, ndipo akavuta kiti akakaa.

"Hukukasirika, Shangazi?"

"Nimekasirika sana. Nitakasirika vizuri baadaye. Sasa hivi nina kazi."

Alimweka Meneja kwenye boksi safi. Akachota kijiko cha udongo, akakimwaga kwenye sahani nyeupe juu ya meza yake ya saa, akabana jichoni kile kioo kidogo cha kukuzia. Alikaa hivyo muda mrefu, hapumui kwa sauti. Miaka arobaini alikuwa ametazama vitu vidogo kuliko hivyo na kuvirudisha mahali pake bila kuvivunja. Msusi, ambaye alimkaribisha nyumbani akidhani anachukua mzee wa kutunza, alijikuta amesimama nyuma yake kama mwanafunzi.

"Njoo uwaone," Shangazi alisema. "Hawa wanaoruka wanakula ukungu. Hawamuumi mtu wala kobe. Na hawa wanaotambaa ni aina ya utitiri, wanakula mabaki. Tazama, wamejazana kwenye kipande cha tango kilichooza."

Akamgeukia Meneja. Alimkagua kwapa kwa kwapa, mikunjo ya shingo, hadi chini ya mkia. Hakumkuta hata mdudu mmoja.

"Basi hawakuja kumla yeye. Wamemwingilia jikoni tu."

"Lakini mbona wengi hivi?"

"Hapo sasa. Mteja akiniletea saa inayochelewa, sikuwa nikisogeza mishale na kumrudishia. Nilikuwa naifungua."

Akalifungua kabati kwa namna yake. Alivuta nyuzi juu yake, akaligawa miraba kumi na miwili, na kila mraba akauwekea kipande cha tango. Kila asubuhi, kwa siku tatu, alipiga magoti na kuhesabu waliokusanyika kwenye kila kipande, akiandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Siku ya kwanza msusi alidhani ni mchezo. Siku ya tatu alimkuta Shangazi ameweka kiganja ukutani, ametulia kama anayesikiliza mapigo ya moyo.

"Wanazidi kila unavyokaribia hapa," alisema. "Shika."

Msusi alishika. Ukuta ulikuwa umelowa.

Fundi bomba aliitwa. Alibomoa vigae viwili chini ya sinki, akakuta kiungio kinachuruzika. Kila kichwa kilipooshwa, maji yalikuwa yakipenya upande wa pili na kulowesha udongo wa kobe, pole pole, pengine kwa miezi. Alisema wangeacha mwezi mmoja zaidi, ukuta ungeanza kumeguka.

"Kumbe ni mimi," msusi alisema, mikono kichwani.

"Ni bomba," Shangazi alimjibu. "Usijipe cheo."

Kazi iliyobaki waliifanya pamoja. Walitoa udongo wote, wakalisugua kabati kwa maji ya moto na brashi, wakalianika juani siku nzima. Waliweka udongo mpya, wenye unyevu kidogo upande mmoja tu. Kuanzia siku hiyo mabaki ya chakula yalitolewa kabla ya mchana. Mwisho Shangazi alileta kikombe cha udongo wa zamani alichokihifadhi pembeni na kukimimina ndani.

"Unawarudisha?" Msusi alishtuka.

"Wale wanaoruka tu, nimewachambua. Ukungu ukiota wataufagia wao. Wewe huwezi."

Jioni hiyo, mikono ikiwa bado inanuka sabuni, Shangazi alitimiza na ile ahadi ya kukasirika baadaye. Alimkalisha msusi, akamwambia, bila kupaza sauti, "Siku nyingine, kabla hujagusa mnyama wangu kwa dawa, niite. Hata kama niko mbele ya rais. Umenielewa, mwanangu?"

"Nimekuelewa, Shangazi. Nisamehe."

"Yameisha." Na kweli yalikuwa yameisha, hakuyataja tena.

Wiki chache baadaye mwalimu mmoja, mteja wa siku nyingi, aliuliza kuna nini chumba cha nyuma, maana anasikia kitu kinakwaruza. Zamani msusi angesema ni panya wa jirani. Safari hii alimshika mkono, kichwa kikiwa kimesukwa nusu, akampeleka huko alikokuwa Shangazi, akamsimulia habari nzima bila kuruka ile ya kopo.

Mwalimu alimsikiliza, akaitazama kalenda ile iliyojaa namba, ambayo msusi alikuwa ameibandika ukutani.

"Huyu Shangazi yako amesomea wapi?"

"Mezani kwake," msusi alisema. "Muulize mwenyewe, huyo hapo. Ila ujue leo nywele haziishi."

Mwalimu alikuwa ameshapiga magoti kando ya kabati, na Shangazi ameshaanza kueleza.