Upande wa Tatu

Mpwa wangu hakuwa na desturi ya kutazama nguo kwa nje. Ukimpa shati, koti, hata tai, kwanza aliigeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono kama daktari anayetafuta mahali panapouma. "Nje kila mtu anaweza kudanganya, Mjomba," aliniambia. "Ndani fundi alikuwa peke yake."

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliiacha mapema, nayo haikunifuata. Nafanyia kazi kibarazani mwa duka la rangi: cherehani moja, meza ya pasi, kiti cha mteja chenye mguu mmoja mfupi. Jirani yangu ni fundi viatu, mtu ambaye mdomo wake unakata kuliko kisu chake. Huyo ndiye aliyempa kijana jina la Bwana Harusi, kwa sababu alikuwa akienda kazini amevaa tai, na kazi yenyewe ilikuwa kufungua marobota ya mitumba ghalani.

"Bwana Harusi! Bibi umemwacha wapi?"

"Bado anavaa, Mzee. Si unawajua wanawake."

Kila asubuhi maneno yaleyale, na kila asubuhi walicheka kana kwamba yametoka kuzaliwa.

Kazi yake ghalani ilikuwa kukata mikanda ya robota na kuchambua. Nguo nzuri zilichukuliwa na wachuuzi. Yeye aliruhusiwa kuokota walichokataa, na walichokataa ndicho alichokitaka: makoti mazito ya wazee, mikanda ya ngozi nene, kofia zenye utepe, tai zilizoshonwa kwa mkono. Chini ya kitanda chake alikuwa na sanduku la vitu hivyo. Alikuwa na vifungo vya mikono ya shati, vidogo, vya fedha, ingawa hakuwa na shati lenye matundu yake. Alikuwa na saa ya mfukoni iliyokufa. Nilimuuliza anaibebea nini saa isiyotembea. Akaniambia, "Sikuiokota ili inipe saa, Mjomba. Sikiliza kifuniko kinavyofunga." Akakifunga. Kweli, kilifunga vizuri.

Dada yangu, mama yake, hakutaka kusikia lolote. Anafua mashuka ya hospitali, na nguo isiyo na mwenyewe inamtia kichefuchefu. "Nalala nyumba moja na sanduku la marehemu," alisema. "Nguo ya kuazima haisitiri matako, na hizi hata aliyeziazimisha hayupo."

Lakini kilichomkosesha usingizi si sanduku, ni kikohozi. Vumbi la marobota lilikuwa limemwingia kijana kifuani. Alikohoa akila, alikohoa akicheka. Kwa hiyo tuliposikia kwamba duka la suti la barabara kuu linatafuta muuzaji, sote tulishikilia habari hiyo kama watu wanaoning'inia kwenye kamba moja. Kule ndani hakuna vumbi. Kuna zulia. Mwenye duka, tajiri mmoja mwenye sauti ya chini, alisema anataka mtu anayezipenda nguo. Sasa niambie, angempata wapi mwingine?

Siku chache kabla ya kwenda kuonana naye, kijana alifika kibarazani amebeba koti kwa mikono miwili kama mtoto aliyelala.

"Mjomba, weka pasi chini kwanza."

Nikaiweka. Lilikuwa koti la sufu, bluu inayokaribia weusi. Vifungo vya pembe. Kola ilikuwa imeshonwa kwa mkono, mishono midogo kama mayai ya chawa. Bitana ya hariri. Nimeshika nguo tangu sijaota ndevu, na kama hilo nimeshika machache.

"Wachuuzi wamelitupa," alisema. "Eti nani atavaa blanketi kwenye jua hili. Ila kuna kitu kimoja sikielewi. Mfuko wa kifuani uko kulia."

Nikatazama. Kweli, mfuko ule mdogo wa kitambaa, ambao kwa koti la mwanamume hukaa kushoto, ulikuwa kulia. Upande wa kulia ulikuwa pia na matundu ya zamani ya vifungo yaliyozibwa kwa uzi, kazi nzuri mpaka uitafute kwa ncha ya kidole.

"Limegeuzwa hili," nikamwambia.

"Limegeuzwa vipi?"

Nikamweleza. Zamani kitambaa kizuri hakikutupwa. Koti likichakaa nje, mwenyewe alilipeleka kwa fundi, fundi akalifumua lote, akageuza kila kipande, akalishona upya ndani ikiwa nje. Kushoto kunakuwa kulia, na mfuko unafuata. Marehemu mwalimu wangu wa cherehani aliwahi kugeuza mawili mbele ya macho yangu, na akaapa hatarudia.

Nilidhani atasikitika. Badala yake uso wake ulichanua.

"Kwa hiyo limeshonwa mara mbili! Mjomba, kuna mtu alilipenda koti hili mpaka akataka lizaliwe tena."

"Hakulipenda. Hakuwa na lingine."

"Wewe nawe," alisema, na tayari alikuwa ameligeuza ndani, kidole kiko kwenye mshono.

Nikampa ushauri mmoja tu. Tajiri akiulizia mfuko, sema ndio mtindo. "Mtindo wa wapi?" akaniuliza. "Wa kokote," nikasema. "Mwenye duka la suti hajui sindano, anajua kioo."

Siku ya kuonana na tajiri alipita kibarazani amelivaa. Sitaki kuongeza chumvi, lakini hata fundi viatu alisahau kutania. Koti lilimkaa kana kwamba lilipitia shingo mbili likimtafuta yeye. Alivaa ile tai ya kahawia, na kwenye mfuko wa kulia alichomeka kitambaa cheupe kilichopigwa pasi na mama yake, yule yule wa sanduku la marehemu.

Alirudi mchana, akakaa kwenye kiti cha mguu mfupi bila kulivua. Fundi viatu aliacha kiatu cha watu.

"Haya, Bwana Harusi. Mahari wamepokea?"

"Alinizunguka," kijana alisema. "Akashika mkono wa koti. Akawaita wauzaji wake wote waje watazame. Akasema mtu anayevaa hivi ndiye anayemtaka mlangoni."

"Unaona!"

"Halafu akaulizia mfuko. Akasema, huu ndio mtindo mpya?"

"Ukamwambia ndio," nikasema.

"Nikamwambia hapana, limegeuzwa. Nikamweleza kama ulivyonieleza. Nikafungua na bitana aone."

"We mtoto!" Fundi viatu alirusha nyundo chini. "Wangegeuza huo mdomo wako, uzungumzie kwa ndani!"

Kijana alicheka, akakohoa, akaendelea. Tajiri aliondoa mkono kwenye koti kama aliyeshika sufuria ya moto. Alisema, kwa hiyo ni koti la maskini. Alisema, kijana, mimi nauza upande wa nje. Mteja wangu akianza kuuliza ndani kuna nini, nimekwisha. Lakini hakumfukuza. Alimwambia arudi Jumatatu. Mfuko ukiwa kushoto kama wa watu, kazi ni yake.

Tulishangilia. Fundi viatu alimpiga kijana mgongoni mpaka akakohoa tena. Maana mimi na fundi viatu tulielewa jambo moja, na ni jambo rahisi: njoo Jumatatu na koti lingine lolote la kawaida, na usitufundishe historia. Makoti ya kawaida alikuwa nayo.

"Vaa lile la kijivu," nikamwambia.

"La kijivu limebandikwa gundi, Mjomba. Ukilikunja kola linalia kama karatasi. Nikivaa lile nitakuwa namdanganya."

"Yeye anataka kudanganywa! Amekwambia kwa mdomo wake!"

"Amesema mfuko ukiwa kushoto." Akanitazama. "Ligeuze tena."

Hapo ndipo tulipofika. Tajiri alisema neno la kupita tu, na mpwa wangu akalichukua kama kipimo. Kwa mtu aliyezoea kupima hakuna neno la kupita tu. Nilimkatalia. Nilimwambia upande wa ndani wa koti lile ndio upande uliochakaa wa yule mwenyewe wa kwanza, na kama ungekuwa mzima asingesumbuka kuligeuza. Akasema huenda halikuchakaa, huenda lilipauka kidogo tu, na yeye atalipaka rangi. Akasema hataki kuingia mle ndani na kitu cha gundi, kisha kila siku asimame pale akijua. Tulibishana mpaka fundi viatu akachoka kusikiliza, akavaa spika zake masikioni.

Jumamosi dada yangu alikuja kibarazani, moja kwa moja kutoka kazini, mikono bado imekunjamana kwa maji.

"Mshonee tu, mdogo wangu."

"Dada, wewe ndiye uliyetaka kulichoma moto."

"Nilitaka. Sasa nataka aingie mle ndani. Usiku namsikiliza kifua, kinapiga kama mlango uliolegea. Kama anasema bila koti hilo haendi, mshonee koti hilo."

"Nikilifumua halirudi."

"Mimi najua kufua. Kushona unajua wewe."

Basi. Kijana alikaa mbele yangu, nami nikachukua wembe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilianza na bitana, nikaiweka kando nzima. Nikatoa mkono wa kushoto, kisha wa kulia. Aliyelishona mara ya pili alikuwa fundi, uzi wake ulikuwa mwembamba na haukuwa na pupa, na kila nilipoukata nilisikia vibaya kidogo, kama kumkatiza mtu mzima akizungumza. Kijana alipokea kila kipande akakipanga mezani. Alikuwa na furaha. Alinionyesha mahali fundi yule alipoficha kiraka chini ya kwapa. "Tazama alivyolinganisha mistari ya kitambaa, Mjomba. Kwapani! Nani angeona?"

Kisha nikageuza kifua.

Upande ule ulikuwa umekufa. Rangi ilikuwa imetoka mpaka kitambaa kimekuwa kama chai iliyoachwa kikombeni. Kwenye viwiko nyuzi zilikuwa zimebaki za upande mmoja tu, unaona meza chini yake. Mabegani kulikuwa na mng'aro mbaya, kama suruali ya karani. Matundu yalikuwa pande zote mbili sasa, mazima na yaliyozibwa. Nilipokishika kipande cha mgongo kwa vidole viwili nikavuta kidogo, kilitoa unga.

Kijana alikivuta na yeye. Kisha akakohoa mdomo ukiwa umefungwa.

"Basi lirudishe lilivyokuwa jana," alisema.

"Njoo uone." Nikamwonyesha ukingo wa kipande. Fundi anaposhona huacha akiba ya kitambaa ndani ya mshono, kwa ajili ya siku za mbele. Yule aliyeligeuza mara ya kwanza alikuta pembezoni pamechakaa, akakata, akashonea kwenye akiba. Aliitumia yote. Alipofika mwisho wa kitambaa ndipo aliposhika sindano. "Hapa nikishona tena koti litakuwa la mtoto. Na litachanika siku ya kwanza atakayoinua mkono."

"Hata ukiunga na kitu?"

"Koti lina pande mbili, mpwa wangu. Hakuna upande wa tatu."

Alikusanya vipande vyote, akavifunga kwa bitana ya hariri, akaondoka navyo. Vifungo vya pembe aliviacha mezani. Nilimwita, hakugeuka.

Jumatatu asubuhi dada yangu alimtandikia lile koti la kijivu kitandani, na viatu vilivyopigwa rangi chini yake. Hakwenda. Alikaa ukingoni mwa kitanda karibu na koti, mama yake akimsihi, kisha akimtukana, kisha akimsihi tena. Jumanne alikwenda, na la kijivu, mfuko kushoto. Mlangoni alimkuta kijana mwingine anayetabasamu.

Ghalani nako alikuwa ameshaaga. Alikuwa amewaambia wote anaenda kwenye zulia, nao wakampa mtu mwingine mkasi wake. Walimrudisha kwa huruma, lakini si kuchambua. Sasa anabeba. Anachukua robota kwenye gari analipeleka ndani, limefungwa kama lilivyokuja, anarudi kuchukua lingine. Nguo haioni. Mgongo wake unajua uzito tu.

Sanduku dada yangu alilitoa nje mwenyewe, akitazamia ugomvi. Kijana alimsaidia kushika upande wa pili. Aliniambia hilo akilia, mwanamke aliyelichukia sanduku lile kuliko mtu yeyote.

Kikohozi bado kipo.

"Bwana Harusi! Bibi umemwacha wapi?" fundi viatu alimwita asubuhi moja, kwa mazoea. Kijana aliinua mkono kumsalimu, akapita. Fundi viatu aliinamia kiatu, akashona pale pale alipokuwa ameshashona. Tangu hapo hamwiti. Anasema tu habari za asubuhi, kama kwa mgeni.

Mwezi uliopita kijana alikuja kwangu, akasema anahitaji ovaroli ya kubebea. Nilimshonea. Sikumshonea kama ninavyoshona ovaroli za watu. Nilikunja kila mshono nikaufungia ndani, nikaupita mara mbili, hakuna uzi unaoning'inia mahali popote. Niliacha akiba ya vidole viwili kwapani na mgongoni. Matundu niliyafanya kwa mkono, na nikamwekea vile vifungo vya pembe. Kwa ndani, pale chini ya kola, niliipanga ile mishono ya mayai ya chawa, mstari mzima. Macho yangu si yale ya zamani, ilinichukua siku nyingi.

Alikuja jioni akitoka kazini. Nikampa imekunjwa, ndani ikiwa juu.

Aliikung'uta, akaigeuza upande wa nje, akaivaa.

"Inatosha, Mjomba," alisema. "Asante."