Mgeni Kwenye Kiti cha Firmin

Mama Bertille hakumlilia mumewe. Majirani walimsema weee, naye akawajibu kwamba haketi matanga ya mtu ambaye maiti yake haijaonekana. Firmin alipanda boti ya mizigo kwenda Moba, boti ikazama, na ziwa halikurudisha hata kiatu. Koti lake la kazi likabaki juu ya kiti chake sebuleni, na Kapita, paka wake, akabaki juu ya koti.

Kila jioni Kapita aliinua kichwa ghafla, akamfuata kwa macho mtu asiyekuwapo, kutoka mlangoni mpaka kwenye kiti, kisha akakoroma kwa raha. Bertille nywele zilimsimama. Aliogopa, na alifurahi.

"Umerudi, Papa Firmin," alisema, akaenda kusonga bukari.

Lakini marehemu hakamati panya, na Kapita alikuwa amezeeka. Ndakala, dagaa zake za kuuza, ziliposhambuliwa na panya guniani, dada yake Philomène akamletea paka kijana kutoka Mpala. Bertille akawapeleka wote wawili kwa Papa Omer, mganga wa mifugo, wakadungwa sindano.

"Hii njo chanjo ya kichaa cha mbwa," alisema Papa Omer. "Lakini kuko ugonjwa wa kutapika na kuhara, unamalizaka paka. Chanjo yake huku haiko. Dawa njo kutenga. Huyu mupya umufungie mu jiko kule inje, majuma mawili. Sahani yake mbali, malazi yake mbali. Ukimugusa, nawa na sabuni."

"Si anaonekana muzima, Papa?"

"Njo vile unaingiaka, Mama. Mu sura ya muzima."

Bertille alishika masharti mpaka majirani wakamcheka. Alinawa hadi vidole vikachubuka. Ila jambo moja lilimkereketa: kwao, mgeni hapaswi kulala kwenye kiwanja cha mtu kabla hajaonyeshwa kwa mwenyewe, na mwenyewe akiwa amekufa, mgeni hupelekwa kaburini, akatajwa jina. Firmin hakuwa na kaburi. Alikuwa na kiti. Na tangu mgeni aingie, Kapita hakuinua tena kichwa jioni. Bertille akajua mwenye nyumba amenuna.

Basi mchana mmoja, Kapita akiota jua nje, akambeba yule kijana na kumlaza juu ya koti.

"Papa Firmin, huyu njo mugeni wako. Usituchukie."

Akamrudisha jikoni, akanawa kwa sabuni. Koti hakulifua. Lilikuwa bado na jasho la Firmin, na nani anamfua mtu wake mpaka aishe?

Jioni ile Kapita aliinua kichwa, akakoroma. Bertille alilia kwa furaha.

Hazikupita siku nyingi, Kapita akakataa samaki. Akawa anainamia bakuli la maji bila kunywa, akitapika povu la njano. Papa Omer akaitwa. Alimpapasa tumbo, akauliza analala wapi, na kama mgeni amewahi kulala hapo. Bertille akamweleza yote. Mganga akalitazama lile koti.

"Huu ugonjwa unakaaka mu nguo mwaka muzima, Mama. Akikufa, umufunike na hii koti, uzike vyote pamoja, chini sana."

Wakati ule Bertille alimchukia kuliko alivyolichukia ziwa.

Kapita alikufa asubuhi, macho yakielekea mlangoni. Bertille alichimba mwenyewe nyuma ya nyumba, akamfunga ndani ya koti, akabana vifungo kimoja kimoja mpaka shingoni, kama alivyozoea kumfungia Firmin siku za baridi. Alipotupa udongo wa kwanza juu ya lile koti, sauti ikamtoka ambayo yeye mwenyewe hakuijua.

Wanawake wakaja mbio kutoka viwanja vya jirani, mikono imejaa unga.

"Nani amekufa, Mama Bertille? Nani?"

"Firmin," akasema.

Wakachungulia shimoni, wakaona mikono ya koti. Hakuna aliyecheka. Wakafunga vitenge vyao kiunoni, wakaketi chini pamoja naye, wakaanza kulia.