Mara Saba kwenye Kitufe

Saa nne na robo asubuhi programu ya kiwanda iliganda, kisha ikazima. Mjane aliyekuwa akipiga deki chumba cha mitambo akasogeza ndoo ili fundi wa programu apite na kiti chake. Ilikuwa mara ya tisa wiki hiyo.

Programu ilikuwa na vibarua wanne ndani yake, wote wakifanya kazi kwa wakati mmoja, kila mmoja akichunga tangi lake la mvuke. Mvuke ukizidi, kibarua aandike kwenye daftari na apige king'ora.

"Ni hivi vifurushi vya kuazima, mama, vipande vya programu vilivyoandikwa na watu wengine," fundi akasema. "Programu ilizoea toleo la pili, wakaitia la tatu bila kulijaribu."

"Lini?"

"Mwaka juzi, tarehe tisa mwezi wa sita."

Mjane akaacha deki. Siku hiyo tangi lilipasuka likamuua mumewe, mchunga mitambo. Juu ya sinki waliweka bango: picha yake, na chini yake ALILALA KAZINI. Kila asubuhi alilipangusa vumbi akimwomba Mungu lishushwe.

Fundi akarudisha toleo la pili. Ukuta ukarudia rangi yake ya kijani ya mwaka juzi, na mchunga mitambo alikuwa kitini, shati safi, macho kwenye vipimo.

"Shikamoo, mzee," fundi akasema.

"Marahaba. Mmechelewa."

"Na wewe umekuja bila kunyoa," mkewe akasema.

Toleo la pili lilikwenda vizuri, ila vifurushi vingine viligoma kukaa nalo. Fundi akaomba radhi, akarudisha la tatu. Shati la mzee likaungua begani. Vipimo vya siku ile vikapanda. Akabonyeza kitufe cha king'ora mara saba, jasho likimtoka, na king'ora hakikulia.

"Ona! Ona, mama!" Fundi aliruka hadi kiti kikaanguka. Kwenye skrini kibarua mmoja alishika daftari akingoja king'ora. Mwenziwe alishika king'ora akingoja daftari. "Kama wakwe wawili mlangoni! 'Pita wewe.' 'Aa, pita wewe.' Na nyumba inaungua!"

"Kwa hiyo hakulala."

"Hata lepe la usingizi!"

Mjane akapiga vigelegele, dekio mkononi. Fundi akaandika sharti moja kwa vibarua wote: daftari kwanza, king'ora baadaye. Mzee akabonyeza mara moja tu. King'ora kikalia hadi vioo vikatetemeka, kiwanda kizima kikatoka mbio uani, na wao watatu nyuma wakicheka mpaka machozi.

Meneja akahesabu watu. Walitakiwa arobaini, wakawa arobaini na mmoja. Akampa marehemu mkono, akaamuru aongezwe zamu ya asubuhi.

"Na bango, bosi?" mjane akauliza. "Alibonyeza mara saba. Tumeona kwa macho yetu."

"Hongereni sana, mama, kazi nzuri. Bango liacheni. Linawasaidia wageni kuwa makini."

Tangu hapo programu haijazima. Mchunga mitambo huingia saa moja kamili na hukaa wima hadi zamu iishe. Wafanyakazi wapya wakisoma bango huuliza ni nani huyo aliyelala, nao huonyeshwa kwa kidole. Yeye huinua mkono, akidhani wanamsalimu.